Kikapu Kilichorudi na Maandazi

"Ukiletewa ndizi, tazama na kikapu." Mmelisikia neno hilo leo kwenye mazoezi ya kwaya, vijana wangu, mkacheka, kisha mkataka kujua limetoka wapi. Basi sogeeni. Lilizaliwa hapa hapa Ugweno, asubuhi ya Krismasi.

Bibi Naelijwa alikuwa na mwana mmoja tu, Elisaria, aliyekuwa ameoa mwaka huo. Mkewe Elisaria, Ndeshi, alikuwa binti wa maneno machache, na Naelijwa hakujua kama anampenda au anamwogopa tu. Akaona amsukie kikapu cha ukindu. Alisuka jioni baada ya shamba, akifumua kila mstari uliopinda, na kwa kila mstari ulionyooka akaiombea nyumba ile changa. Mkesha wa Krismasi akakijaza ndizi mbivu, maana kwao chombo hakitolewi kitupu, akakipeleka. Ndeshi akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti.

Kulipopambazuka, kikapu kilirudi. Elisaria alikileta kimejaa maandazi ya moto, yamefunikwa kitambaa, akarudi mbio kwake kujiandaa kwa ibada.

Naelijwa akayamimina maandazi kwenye sinia, akaepua chai, moyo ukimwuma. "Kazi ya mikono yangu ameikataa," akasema. Akapiga magoti kusali, lakini alipofika "utusamehe makosa yetu, kama sisi nasi," akaikatiza sala. Atamwimbiaje Mtoto Yesu na kinyongo kifuani? Akainuka, akachukua kikapu, akateremka kwa mkwewe.

"Mwanangu, kikapu changu kimekukosea nini?"

Ndeshi akashtuka. "Hakijanikosea, mama! Kwetu nako chombo cha mtu hakirudi kitupu. Nimeamka na jogoo nikaange hayo maandazi."

"Chombo? Ndizi si zinaozea migombani kwa kukosa mlaji! Zawadi ni kikapu!"

"Ee Mungu wangu! Umenisukia mimi? Nilikiona kizuri hivi, nikasema hiki mama anakwenda nacho kanisani, nisimcheleweshee." Akakikumbatia kama mtoto mchanga. Kisha akauliza kwa haya, "Na kitambaa je, mama? Umekipenda?"

"Kitambaa kipi?"

"Kilichofunika maandazi. Nimekitarizi mwenyewe. Maua, na jina lako."

Naelijwa akajishika kinywa. "Yesu wangu! Nimeshikia sufuria ya chai!"

Elisaria, aliyekuwa akifunga viatu mlangoni, akaangua kicheko. "Mama, kesi umeshindwa!" Wakacheka wote watatu hadi kengele ikalia na kunyamaza.

Waliingia kanisani wamechelewa, Ndeshi na kikapu chake mkononi, Naelijwa amejifunga kitambaa kichwani, maua, jina, masizi na yote. Baada ya ibada wanawake wakamzunguka. "Mama Elisaria, sikukuu hii na masizi?"

Hakuona aibu. Alimshika mkwewe mkono, akawajibu: "Mwenzangu alitazama ndizi, mimi nikatazama maandazi. Nusura tukosane siku ya Bwana. Ninyi msifanye kama sisi. Ukiletewa ndizi, tazama na kikapu."