Mlio wa Pili

Wapendwa, kabla sijaingia kwenye somo niulize kitu. Nani hapa amewahi kula nyama ya tohe, yule swala wa kwenye majani marefu? Mikono juu. Namwona mama mmoja kule nyuma ameinua mkono nusu, anamwangalia mumewe kwanza. Usiogope mama, mimi si bwana nyama, askari wa wanyamapori. Shusha mkono, sikiliza.

Alikuwepo mwindaji mmoja, jina lake tuliache. Kwao kulikuwa na pori la serikali, pori la wote, limepakana na vijiji. Kuwinda mle huingii tu kama unaingia kwa shangazi yako. Kila mwaka wanapanga idadi ya tohe wa kuwindwa, watu wanaomba, kura inapigwa. Jina lako likitoka unapewa kibali cha tohe dume mmoja, basi. Na silaha ni gobore peke yake. Gobore mnalijua? Lile la kumimina baruti mdomoni, unashindilia kwa fimbo, jasho linakutoka. Likilia mara moja limekwisha. Mpaka ulishindilie tena, tohe yuko ng'ambo ya mto anakucheka.

Sasa watu wa pale walikuwa na desturi yao. Asubuhi ukungu unashuka mzito, na majani yanamzidi mtu kimo akichuchumaa. Mwenzako anaweza kuwa hapo karibu kabisa na usimwone. Kwa hiyo kila mwindaji hukaa chini mahali pake, kimya. Gobore likilia tu, wote wanateremsha mitutu, wanasimama, na kila mmoja anaita, "Nipo!" Hapo ndipo wanapojuana nani yuko wapi. Hawana hofu, maana aliyepiga amekwishapiga. Mkononi ana chuma kitupu.

Mwaka huo, pamoja na majirani kadhaa, kura ilimwangukia huyu mwindaji na mdogo wake, mtoto wa mama mmoja. Langoni bwana nyama akawakagua.

"Mzee, tohe mmoja, gobore moja. Tumeelewana?"

"Tumeelewana kabisa, afande."

Kinywa kilisema hivyo. Moyo ulikuwa na maneno yake: binti yangu anaolewa, wakwe wanakuja na ukoo mzima, mimi niwawekee mezani tohe mmoja? Aibu gani hiyo! Serikali inamhurumia tohe, mimi ananihurumia nani? Basi alikuwa ameazima kwa rafiki yake wa mjini bunduki ya kisasa, ile inayotoa risasi mfululizo, akatangulia kuificha kwenye kichuguu mle porini. Mdogo wake hakuambiwa. Angemwambiaje?

Walipofika ndani mdogo wake akasema, "Kaka, mimi nakaa kule upande wa mto. Wewe kaa hapa."

"Nenda. Na usisogee."

Ukungu ukafunga. Sijui kama mmewahi kukaa kwenye ukungu wa namna ile. Unasikia majani yanadondosha maji, halafu husikii chochote. Unajiangalia mkono wako unauona kama wa mtu mwingine. Mahali fulani tohe akapiga mluzi, kama mtu anayemwita mwenzake kwa siri. Mwindaji akaitoa ile bunduki kichuguuni, baridi kama maji ya mtungi. Dume akainuka mbele yake, akasimama, akamtazama. Wala hakukimbia.

Akapiga. Dume akaanguka.

Amepata, si ndiyo? Kibali chake kimetimia, nyama ya halali iko chini. Angeteremsha mtutu pale pale, leo nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia. Sauti zikaanza kuitika ukunguni. "Nipo!" kutoka juu ya kilima. "Nipo!" kutoka kwenye miiba. "Nipo!" mbali kabisa. Yeye hakuwa anazisikiliza. Kwenye majani, karibu, kitu kingine kiliinuka, kikubwa kuliko cha kwanza.

Akapiga tena.

Zile sauti zikakatika, zote kwa pamoja. Pori likanyamaza mpaka akasikia masikio yake mwenyewe yanalia. Akaenda mbio kutazama dume lake la pili. Jamani! Mdogo wake amelala kwenye majani, amelishika paja kwa mikono miwili, damu inatoka katikati ya vidole.

"Nilikwambia usisogee! Kwa nini umesogea?"

"Ukungu ulinitisha, kaka. Nikasogea niwe karibu na wewe."

"Na kusimama je? Kwa nini ulisimama?"

"Nilisikia umeshapiga. Nilisimama kwa sababu nilijua ni wewe."

Mwindaji akavua shati akalifunga lile jeraha. Akajaribu kumbeba, lakini mdogo wake alikuwa pande la mtu, akamshinda. Akajua akipata watu wa kumsaidia wataliwahi lango, na langoni kuna gari. Akasimama akaita kwa nguvu zake zote, "Nipo! Nipo hapa! Njooni, ndugu yangu anakufa!"

Hakuna aliyeitika. Akaita mpaka sauti ikakwaruza. Alijua wako pale, wanaume wazima, majirani zake, wamelala kifudifudi kwenye majani yenye umande wanamsikiliza. Ukungu wote ulikuwa na masikio, na hakukuwa na mdomo hata mmoja.

Jua lilipouinua ukungu, ndipo walipoanza kujitokeza, taratibu, wameinama. Walimkuta amempakata mdogo wake mapajani, na mdogo wake amekwisha kupoa.

"Hamkunisikia?" akawauliza.

"Tulikusikia," mmoja akajibu. "Na sauti yako tuliijua."

"Sasa mbona hamkuja?"

"Tulisikia milio miwili, bwana. Baada ya hapo hatukujua tena wewe ni nani."

Ndugu zangu, yule mtu miaka yote aliamini sheria ya gobore imewekwa kumlinda tohe. Kumbe ilikuwa inamlinda mdogo wake. Na ilikuwa inamlinda yeye mwenyewe, ili siku akiita, watu waje.

Na sisi? Msiniangalie mimi, mimi na kichuguu changu tunajuana. Wewe je, umeficha nini huko ambako nyumbani hawajui? Mkeo anasimama mbele yako hana wasiwasi, kwa sababu anajua ni wewe. Mgonjwa anameza dawa ya dukani kwako bila kuuliza, kwa sababu anajua ni wewe. Watoto wanalala usingizi kwenye gari unaloliendesha, midomo wazi, kwa sababu wanajua ni wewe. Watu wamesimama wima mbele ya mtutu wako, wapendwa, wanaamini hauna kitu.

Nenda kaitoe hiyo bunduki yako. Leo, ukitoka hapa, kabla ya chakula. Kwa sababu iko asubuhi utakayosimama kwenye ukungu wako na kuita, "Nipo!" Na watu wako watakusikia, sauti yako wataijua, na watabaki wamelala chini kwenye majani.