Michi Miwili ya Chilumba

Palikuwa na mtu aliyekuwa na kinu kimoja na michi miwili. Jina lake Chilumba, na mkewe aliitwa Somoe. Katika kijiji chao, arusi haikuwa arusi mpaka bibi na bwana wakabidhiwe michi miwili iliyochongwa kwenye mti mmoja, kwa maana huko mume na mke hutwanga pamoja kila asubuhi, mmoja akiinua, mwenzake akishusha. Apitaye njiani husikia mapigo, akajua nyumba ile ina watu wawili walio wazima. Chilumba na Somoe walitwanga hivyo miaka ishirini na miwili, hata binti yao Zuhura akaolewa ng'ambo ya mto.

Kisha Somoe akaugua. Hakuwa na homa wala kidonda. Asubuhi moja alibaki kitandani ameuelekea ukuta, na asubuhi ya pili vilevile, na msimu ukapita. Watu wa elimu huuita ugonjwa huo sonona. Wengine huuita uvivu, na Mungu awasamehe hao, maana hawajui wanalolisema. Chilumba alimbembeleza. Alimhubiria juu ya wajane na mayatima walio na shida kuliko yeye. Siku moja alimfokea, akajuta kabla hajamaliza. Somoe alimtazama tu kama mtu aliye mbali sana, akageuka tena.

Chilumba akaona haya. Watu wakisikia mchi mmoja watauliza, na wakiuliza atajibu nini? Nyumba husitiri mambo, alijiambia. Basi akashika mchi mmoja mkono wa kuume na mwingine mkono wa kushoto, akatwanga peke yake kwa mapigo ya watu wawili. Ilikuwa kazi ya punda. Mabega yalivimba, viganja vikachubuka, lakini mapigo yalikwenda sawasawa, na nje ya ua majirani wakaisifu nyumba ya Chilumba kwa umoja wake. Kila sifa ilimzidishia upweke. Alikula peke yake na kusema na kuku. Kwa kuwa hakuna aliyejua, hakuna aliyekuja. Ilifika mahali akafunga nguo zake kwenye kanga kuukuu, akawaza kwenda kwa Zuhura asirudi tena.

Asubuhi aliyokusudia kuondoka, alisema amwachie mkewe unga wa kutosha. Akatwanga. Katikati ya kazi mkono wa kushoto ukakataa kabisa, mchi ukaanguka, ukasikika mmoja tu. Alipoingia kuchukua mzigo wake, Somoe alikuwa ameketi kitandani. Ilikuwa siku nyingi hajaketi.

"Baba Zuhura," alisema, "huyo mwenzako leo mbona ameacha katikati? Kila siku nawasikia mko wawili. Nikasema moyoni, heri, nafasi yangu imepata mtu. Hata nikifa sitaacha pengo."

Chilumba aliuacha mzigo pale ulipokuwa. Alikuwa amewadanganya majirani, kumbe aliyedanganyika zaidi ni yule aliyelala hatua tatu kutoka kinuni. Aliketi kando yake, akafungua viganja vyake vilivyochubuka akamwonyesha, akalia bila kujificha. Somoe alivitazama viganja vile, kisha akaweka mkono wake juu yavyo. Kile kifurushi cha kanga alikifungua siku hiyohiyo.

Kesho yake alitwanga kwa mchi mmoja. Alipiga pigo lake, akangoja kwa kiasi cha pigo la Somoe, ndipo akapiga tena. Pengo lile lilisikika mpaka barabarani. Jua halijawa kali, Bi Mwanahawa, jirani yake, alisimama mlangoni akauliza kulikoni. Chilumba alimwambia kwamba mkewe ni mgonjwa na yeye mwenyewe amechoka. Maneno yalikuwa hayo tu, na yalikuwa yamemshinda kuyatamka msimu mzima. Bi Mwanahawa hakushangaa. Alisema dada yake alipitia njia hiyo, na kwamba kwenye zahanati ya kata yuko mganga anayeujua ugonjwa huo. Siku ya tatu wakampeleka Somoe pamoja, wakienda kwa mwendo wake.

Tangu hapo Bi Mwanahawa alikuja mara kwa mara kutwanga na Chilumba, lakini alikuja na mchi wake kutoka kwake. Ule wa Somoe uliachwa umeegemea ukuta, mahali anapoweza kuuona kutoka kitandani, na hakuna aliyeugusa.

Msidhani Somoe alipona siku ile. Ziko asubuhi alizotoka akaketi na ungo mapajani, na ziko ambazo hakutoka. Asubuhi moja aliuchukua mchi wake, akapiga mapigo matatu, akaurudisha ukutani na kuingia ndani. Chilumba hakumwita. Aliendelea kutwanga na kuliacha wazi pigo la mkewe.

Nawe unayetwanga kwa mikono miwili ili walio nje wasijue, umejiuliza aliye ndani anasikia nini?