Njia Isiyo na Jina

Sogeeni karibu, nina kesi nataka mnisaidie kuiamua.

Katika milima ya Unyakyusa aliishi mtu aliyeitwa Ambilikile. Kijijini alishuka kwa nadra, kuuza asali. Siku nyingine alilala juu kwenye mianzi, amejifunika ngozi ya mbega, akitafuta mahali ambapo mguu wa mtu haujafika. Jirani yake Subilaga alijua kusoma mawingu. Lugano naye alisokota kamba za magome, na hakuna aliyewahi kuona kamba yake ikikatika.

Masika moja mlima uliporomoka, ukaifukia njia ya kwenda ng'ambo ya milima. Binti wa Subilaga alikuwa ameolewa huko, tena mjamzito. Watu wakasema njia nyingine haipo. Hao watatu wakapanda kuitafuta.

Walipokaribia kukata tamaa, Ambilikile aliinama kwenye kinyesi cha nyati.

"Huyu katoka ng'ambo," akasema. "Kala mbegu za mti usioota upande wetu."

Wakafuata nyayo mpaka kwenye pengo kati ya vilele viwili. Ambilikile akataka wavuke papo hapo. Subilaga akatazama mawingu, akaketi kwenye mdomo wa pango lililokuwa kando.

"Hapana, kaka. Tuingie pangoni."

"Dada, mwanao yuko pale chini."

"Najua aliko. Ndiyo maana nataka nifike hai."

Machozi yalimtoka, lakini hakuinuka. Kabla ya jua kuzama, wakiwa wamejibanza pangoni, mvua ya mawe ilifagia lile pengo, na miamba ikabingirika pale ambapo wangekuwa wanapita.

Asubuhi walivuka, wakakuta genge la mwamba lililosimama wima. Lugano akawashusha wenzake kwa kamba. Ambilikile akateleza, akaning'inia hewani. Lugano hakuachia, ingawa viganja vilichunika. Kisha akaifunga kamba kwenye mwamba, akashuka kwa mikono hiyohiyo.

Jioni Subilaga alimkuta bintiye amejifungua salama, akampakata mjukuu wake. Wenyeji wakachinja ng'ombe, na mkuu wa kijiji akasema, "Njia hii tuipe jina la aliyeifungua. Jina moja tu. Njia yenye majina matatu hupoteza wageni."

"Ni Ambilikile," Lugano akajibu, akitafuna ndizi. "Bila yeye, kamba yangu ingekuwa ya kwenda wapi?"

"Ni Subilaga," akasema Ambilikile. "Bila yeye tungezikwa na mawe."

Subilaga akamfunika mtoto vizuri. "Mimi nimeiona mikono ya Lugano," akasema.

Wakacheka, wakaendelea kula, na hakuna aliyekubali kulibeba jina.

Sasa watu wameanza kupita huko, na kila mgeni anauliza njia inaitwaje. Haya, wewe uliyesikiliza: ungeipa jina la nani? Na hao wawili waliobaki, ungewaambia nini?