Sherehe Nyuma ya Komeo

Wapendwa, sogeeni kidogo walio mlangoni wapate kukaa. Mwenye mtoto mchanga amnyonyeshe tu, hakuna atakayemtazama vibaya. Leo nataka mumwone mama mmoja.

Mama huyu alipanga chumba katika nyumba ya wapangaji wengi, ile ya ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na ua mmoja nyuma ambako wote hupikia, hufulia na kugombania kamba ya kuanikia. Kazi yake ilikuwa ususi. Alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alizaliwa na selimundu. Wengine wenu mnaujua ugonjwa huo. Damu hukwama njiani, na mtoto hulilia mifupa kana kwamba kuna mtu anaivunja. Na kitu kinachouamsha haraka ni baridi.

Mtoto akiwa bado wa kubebwa mgongoni, mwanamke wa kitanda cha pili wodini alimwambia mama huyo, kwa sauti ya huruma kabisa, "Mwenzangu, usimzoee sana. Hawa huwa hawakai." Aliyasema akifunga mizigo yake kwenda nyumbani, na labda aliyasahau kabla hajafika. Lakini yule mama aliishi nayo. Kila alipomfunika mtoto shuka, aliyasikia. Kila mtoto alipochelewa kuamka, alisimama juu yake akitazama kama kifua kinapanda.

Ndiyo maana hakuwahi kumfanyia binti siku ya kuzaliwa. Hata mara moja. Aliona kwamba akishangilia kwa sauti, kifo kitageuka kiseme, kumbe huyu bado yupo?

Sasa binti akakaribia kutimiza miaka kumi na mitano. Jioni moja, mama akimchana nywele, binti akasema, "Mama, mwaka huu nifanyie basi. Hata kidogo."

"Kidogo kama nini?"

"Keki, na watu wa kuniimbia."

"Keki nitajitahidi. Watu wa nini?"

"Mama jamani! Sasa nijiimbie mwenyewe?"

"Nitakuimbia mimi."

"Sherehe ya watu wawili?"

"Na Mungu wa tatu. Unamdharau?"

Binti akacheka, na mama naye akacheka, lakini alikuwa ameacha kuchana.

Wakapanga. Hali ilikuwa ngumu. Wateja wa kusuka walikuwa wa kubahatisha, na hela ya dawa ni hela isiyoguswa. Soda zikaondolewa, ikawekwa juisi ya ukwaju. Gauni jipya likaondolewa, likatolewa la mama la zamani, likapunguzwa kiuno. Keki waliagiza ndogo kabisa kwa dada mmoja anayeoka kwa mkaa, na dada yule, alipomwona binti alivyokuwa akiitazama keki ya mtu mwingine, akasema, "Yako nitaiwekea maua, usijali, sukari ya maua inabakigi tu." Haibakigi, wapendwa. Anayeoka anajua kwamba haibaki.

Binti alitaka na pilau. Hapo mama alikataa. Si kwa sababu ya nyama, maana nyama wangeweka vipande vya kutafutana navyo. Alikataa kwa sababu pilau haijifichi. Ukishakaanga vitunguu na viungo vyake, mpaka nyumba ya tatu wanajua kuna jambo. Naye hakutaka mtu ajue.

"Tutapika wali na maharage," alisema. "Pilau siku nyingine."

"Siku nyingine ipi, mama?"

Mtoto aliuliza tu kama watoto wanavyouliza. Lakini mama aligeukia ukutani akajifanya anatafuta kitana, na kitana kilikuwa mkononi mwake.

Mtauliza, aliogopa nini kwa majirani? Aliogopa midomo yao. Katika miaka yote waliyokaa pale hakumwambia mtu hata mmoja kwamba mwanawe ni mgonjwa. Alijua watu wanavyosema: huyo haolewi, huyo hafiki mbali. Maumivu yalipomshika binti, mama alimkumbatia, akauma kanga yake ili kilio chake mwenyewe kisitoke nje, na kulipokucha alitoka kufagia ua kama kawaida.

Na zaidi ya wote alimwogopa jirani wa chumba kinachopakana na chake, muuza dagaa. Kila asubuhi mwanamke yule, na beseni lake kichwani, alisimama mlangoni pake na kuuliza, "Kaamkaje mtoto?"

"Mzima."

"Haya. Tumshukuru Mungu." Kisha akaenda zake.

Kila asubuhi! Mama akajiuliza, kwa nini wangu? Nyumba hii ina watoto wengi, mbona hawaulizii wengine? Anasubiri nimjibu nini? Alishaamini kwamba mwanamke yule ana kijicho, na kwamba siku moja kijicho chake kitafanya kazi. Nanyi mnajua, mtu akishaingiwa na wazo kama hilo, hata salamu inakuwa na miiba.

Basi ikabaki siku moja. Mama alikuwa ndani akipunguza pindo la gauni, akasikia sauti za wanawake uani. Hazikuwa sauti za kawaida, zilikuwa za kunong'ona. Akaweka sindano chini. Akasikia muuza dagaa akisema, "Kesho, basi. Binti yangu kaambiwa shuleni na mwenyewe. Mimi naleta ndoo."

Mwingine akasema, "Mimi beseni. Wote tumwagie, asibaki mtu."

Wakacheka.

Mnajua wenyewe mtindo wa siku hizi. Mtoto akiongeza mwaka, lazima amwagiwe maji. Watu humvizia, humlowesha kuanzia utosini, wengine huongeza unga na mayai. Pale pale nyumbani, kijana mmoja alikuwa amemwagiwa maji ya kisima asubuhi, akakimbia ua mzima na taulo lake, na watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Kwa mtoto mzima ni kicheko. Lakini binti huyu aliwahi kunyeshewa mvua kidogo tu akitoka shule, na akalala wodini wiki nzima. Mama aliyaona maji yale ya kesho kabla hayajatekwa. Aliyaona yakishuka mgongoni mwa mwanawe. Akaona kitanda cha hospitali, na mwanamke akifunga mizigo yake.

Ilikuwa rahisi, wapendwa, kufungua mlango na kusema, "Jamani, mwanangu ana selimundu, msimmwagie maji." Ni maneno machache. Lakini angeyasema, siri yote ingekuwa mezani. Akapima: aseme, au afunge? Akafunga. Aliona heri komeo kuliko maneno.

Kesho yake mchana walikuwa ndani, dirisha limefungwa, pazia limeshushwa, komeo limesukumwa mpaka mwisho. Keki ilikuwa juu ya stuli, na maua yake ya sukari. Binti amevaa gauni, amependeza mpaka mama alishindwa kumtazama kwa muda mrefu. Wakaanza kuimba, kwa sauti ya watu wanaoiba.

"Mama, ongeza sauti kidogo."

"Inatosha hivyohivyo."

"Mama, hata mende hawatusikii."

Mara mlango ukagongwa. "Hodi humu ndani!"

Na yule mama, kwa hofu iliyomkaba, akajibu, "Hatupo!"

Nje kicheko kikapasuka. "Hampo? Sasa anayejibu ni nani, mzimu?" Binti naye alikuwa amejiziba mdomo, mabega yanatikisika. Lakini mama hakucheka. Alimsukuma binti nyuma ya kitanda, akavuta komeo, akatoka yeye mwenyewe na kuurudisha mlango nyuma yake.

Walikuwa pale wote. Muuza dagaa mbele na ndoo yake, nyuma yake wanawake na mabeseni, watoto na majagi, mpaka bibi wa chumba cha mwisho na kikombe chake cha bati. Mama akatandaza mikono mlangoni.

"Asimguse mtu mwanangu!"

"Mdogo wangu, tulia..."

"Nimwagieni mimi! Mkitaka kumwaga, nimwagieni mimi! Mnataka kuniulia mtoto?"

Vicheko vikakatika. Muuza dagaa akapiga hatua moja, labda ili aseme neno, na mama akairukia ile ndoo kwa mikono miwili aipindue. Wakavutana. Ndoo ikaelemea upande wake, na maji yote yakammwagikia, kifuani, tumboni, mpaka miguuni. Akafumba macho akingoja baridi.

Baridi haikuja.

Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Yalikuwa kama yale ya kumkandia mzazi, yaliyopimwa na kiwiko cha mtu anayejali. Mama akafumbua macho. Sasa ndipo alipoona kwamba beseni la pili linatoa mvuke kidogo, na la tatu. Akaona nyuma yao, uani, majiko yamepangwa mstari, na masufuria juu yake. Akaona msichana mmoja ameshika shuka kavu na blanketi, amevikumbatia kama mtu aliyepewa kazi kubwa.

"Tumebandika tangu asubuhi," alisema muuza dagaa. "Kila mtu na mkaa wake. Bibi hapa hana mkaa, ameombea kwa jirani, ili naye awe na kikombe chake."

Mama akauliza, "Nani aliwaambia?"

"Kwani tuambiwe na nani, mdogo wangu? Tazama juu." Akamwonyesha. Nyumba haikuwa na dari. Kuta za vyumba zilikomea chini ya bati, na juu yake palikuwa wazi toka chumba cha kwanza mpaka cha mwisho. "Wewe unajizuia, lakini mtoto hajizuii. Tunamsikia. Tangu mlipohamia tunamsikia, na tunajua kwamba baridi ikiingia tu, kilio kinazidi. Unadhani kila asubuhi nauliza kaamkaje kwa sababu gani? Usiku akilia, nami silali. Ukiniambia mzima, ndipo miguu yangu inapata nguvu ya kwenda sokoni."

"Mbona hamkusema?"

"Ulikuwa umefunga mlango. Tukasema, tutangoja afungue."

Mama akasimama na kanga iliyolowa, akilia, na safari hii hakukuwa na kitu mdomoni cha kuzuia sauti. Mlango ukafunguka nyuma yake. Binti akapenya chini ya mkono wake, akatembea mpaka katikati ya ua, penye jua, akakunja mikono kifuani.

"Haya," akasema, "mwagieni basi, kabla hayajapoa!"

Wakammwagia. Wakamfunika. Wakamwimbia mpaka nyumba ya tatu wakatoka kutazama.

Sasa nisikilizeni. Siwaambii kwamba mtoto alipona siku ile. Hakupona. Mwezi uliofuata maumivu yalirudi, na yalikuwa makali. Lakini safari ile mama aligonga ukuta, na kabla hajaondoa mkono, mlango wa jirani ulikuwa umeshafunguliwa.

Ndugu zangu, yule mama alidhani anamficha mwanawe asifikiwe na watu wabaya. Kumbe alimficha asifikiwe na watu waliokuwa wakikosa usingizi kwa ajili yake. Hofu ilimwambia kwamba macho yote yanayomtazama mtoto wake ni ya kijicho, na yeye akaiamini hofu kuliko alivyowaamini wenzake, na kuliko alivyomwamini Mungu aliyemweka katikati yao. Miaka yote ile alibeba peke yake mzigo ambao nyumba nzima ilikuwa imeushika upande wa pili.

Na sisi je? Humu ndani leo kuna aliyekuja na komeo lake. Kuna baba ambaye kazi imeisha na bado anavaa shati la kazini kila asubuhi. Kuna mama ambaye mtoto wake ameacha shule na anasema yuko kwa mjomba. Tulipokutana pale nje ulisema "salama", nami nikasema "salama", tukapita. Tunamwomba Mungu atume msaada, na msaada ukigonga tunajibu, hatupo.

Lakini msidhani mfano huu ni wa wenye siri tu. Upande wa pili wa ukuta tupo sisi wengine, tunaosikia. Usiseme hukusikia. Ulisikia kilio cha nani juma hili? Na uliposikia, ulifanya nini: ulibandika maji, au ulipeleka habari kwa shoga yako? Wale wanawake hawakuwa na hela zaidi ya mama yule. Hawakujua dawa yoyote. Walijua tu kwamba mtoto huyu baridi inamuumiza, na wakakumbuka jambo hilo siku ambayo wengine wangekumbuka kucheka. Upendo wa kweli unajua mwenzako anaumizwa na nini.

Basi kabla hatujasimama kuomba, mgeukie aliyekaa karibu yako. Ndiyo, sasa hivi, msione haya. Muulize nyumbani kwake kumeamkaje. Muulize kama mtu anayetaka kujua. Na wewe unayeulizwa, nakuomba kwa jina la Yesu, usiseme salama kama si salama. Jibu.