Vigoda vya Zimwi na Neno la Kuaga

Wewe Shekue, kicheko hicho kimeze. Hujavuka hata mto wa hapo chini, halafu unaniuliza kama zimwi hukaa kwenye nyumba yenye mlango. Ulitaka likae wapi, puani mwako? Mwenye masikio na akae. Mwenye mdomo tu, akalale.

Paukwa!

Pakawa.

Hamjala nyinyi? Itikieni kama watu.

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na kijiji mlimani ambacho hakikuwa na chumvi. Chumvi ilikuwa ng'ambo ya mlima, kwa watu wa lugha nyingine. Alikwenda fundi wa mizinga, hakurudi. Alikwenda muuza tumbaku, hakurudi. Akaenda Nyange, binti wa watu, shanga kiunoni, naye hakurudi.

Basi dada yake Nyange, jina lake Mkunde, akakosa usingizi. Kila akionja mboga chapwa, aliuona uso wa mdogo wake.

Siku moja akamwendea Bi Zunge, mwanamke wa ng'ambo aliyeolewa pale kijijini. Akamkuta anatwanga.

"Bibi, nifundishe lugha ya kwenu."

"Wenzako waliniuliza chumvi inaitwaje na inauzwaje. Wakaridhika, wakaondoka. Wewe unataka nini?"

"Nataka kwenda na kurudi."

"Basi jifunze maneno matatu. La kubisha hodi, la kushukuru, la kuaga. Njia ni moja tu, na inapita mlangoni kwa Zimwi. Tumbo lake ni baya, lakini adabu za kwetu linazishika, na kwetu hata mwenye nyumba akitoka huaga. Mgeni mwenye adabu haliwezi kumgusa."

Hodi ni *koroi*. Mkunde akarudia mpaka ulimi ukalainika. Asante ni *sabeya*. Akarudia. Bi Zunge alipofungua kinywa kwa neno la tatu, Mkunde akamziba kwa kiganja.

"Hilo usilitamke, bibi. Kwetu msafiri haagi. Anayesema kwaheri kabla ya safari amejichimbia kaburi."

"Si unajifunza tu?"

"Hata kujifunza. Nitaaga kwa mkono."

Bi Zunge akaushika mchi wake tena. "Haya. Utunze huo mkono."

Basi Mkunde akatoka kimyakimya, kama kawaida yao. Akapanda mlima, akashuka mlima. Jua lilipoanza kuinama akafika kwenye nyumba ya Zimwi.

"Koroi." Kimya. "Koroi." Kimya. Miguu ikataka kugeuka, akaikataza. "Koroi."

"Pita," Zimwi likajibu, kwa sauti ya aliyenyang'anywa mfupa. Maana mazimwi hujua lugha zote, ila adabu huipokea kwa lugha ya kwao tu.

Ndani mlijaa vigoda. Mkunde akakalia kimoja. Kilikuwa na joto, kama paja la mtu. Akaletewa ugali, akala bila kuhisi ladha.

"Sabeya."

Zimwi likakunja uso. Mkunde akainuka, akapunga mkono, akageukia mlango. Vidole vya miguu havikumfuata. Akatazama chini: vimekuwa mti.

"Kwetu mkono ni wa kufukuzia nzi," likasema Zimwi, na sasa lilikuwa linacheka. "Asiyeaga si mgeni. Asiyeaga ni wa nyumba hii. Jua likizama, nimepata kigoda kingine."

Mkunde akaanguka kitako juu ya kigoda kile kile. Ndipo akaona, kiunoni mwa kile kigoda, shanga za Nyange.

Alitaka kulia. Lakini kilio si neno, na jua halimsubiri mwenye kulia. Akawaza: huyu ana adabu zake. Kila mtu huaga akitoka, hata mwenyeji. Sasa nitamtoaje?

"Naomba maji," akasema.

Jua halijazama, bado ni mgeni, na mgeni hanyimwi maji. Zimwi likachota mtungini, Mkunde akanywa. "Sabeya." Mti ukafika vifundoni.

"Asiyeaga ni wa nyumba hii," likamkumbusha.

"Naomba maji." Akanywa, tumbo likamuuma. "Sabeya." Mti ukafika magotini.

"Asiyeaga ni wa nyumba hii. Mbona unakunywa kama ng'ombe?"

"Hofu inakausha koo, baba. Naomba maji."

Kata ikagonga tako la mtungi. Maji yamekwisha. Zimwi likalitazama jua, likamtazama Mkunde, likabeba mtungi kwa hasira. Mlangoni likasita. Adabu ni adabu. Likanong'onea ndevu zake, haraka haraka: "Ndalee." Likatoka.

Mkunde alikuwa amelitegea sikio lote. Mti ukipanda mapajani, akakiinamia kigoda chake. "Nyange, sema ndalee." Akakivuta cha pili. "Sema ndalee." Vya mbali akavinong'onea kwa mkupuo.

Zimwi likarudi likihema, likampa maji. Mkunde akanywa.

"Sabeya," akasema. "Na ndalee."

Miguu ikawa nyama. Zimwi likaangusha kata. Kisha chini yake Mkunde ikatoka sauti nyembamba: "Ndalee." Alikuwa Nyange, na shanga zake. "Ndalee," akasema fundi wa mizinga. "Ndalee," akasema muuza tumbaku, na wengine ambao kwao hakukujulikana.

"Nendeni salama," Zimwi likajibu. Lingefanyaje?

Chumvi wakaipata. Wakati wa kurudi wakabisha hodi, wakashukuru, wakaaga. Zimwi likawapokea limesimama, maana halikuwa na hata pa kukaa.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Zimwi, wala mimi siingii tena. Na funzo lake ni hili: ukienda kwa watu, usijifunze neno la kuomba tu. Jifunze la kuingilia, la kushukuru na la kutokea.

Mbona kimya, Shekue? Kigoda ulichokalia kina joto?

Mimi naondoka. Kwaherini.

Nimesema kwaherini, na nimesimama nasubiri.

Haya, sasa mmeitikia. Naufunga mlango.