Chupa Aliyoibeba Eliakimu

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema, siku ukweli ulipotoka walikuwepo watu wanne jikoni kwa Mama Mbazi, huko Usangi, kwenye milima ya Upare: Mama Mbazi mwenyewe; Mbazi, mwanawe mkubwa; Eliakimu, mdogo wake Mbazi; na Daktari Afua, aliyepanda mlima kwa miguu. Nakijwa, mke wa Mbazi, hakuwepo. Ndiyo habari yenyewe.

Mbazi na Nakijwa walipendana, lakini mtoto hakuja. Wakaenda kwa Daktari Afua, aliyekuwa akichunguza protini za mbegu za kiume. Alisema mbegu yaweza kuogelea vizuri hadi kwenye yai, lakini ikikosa protini fulani haishikani nalo. Kwa macho huioni kasoro, mpaka upime.

Aliwahurumia wanaume wenye haya. Akawapa chupa waende nazo nyumbani, watie mbegu zao huko, wazirudishe upesi, wamezibana kwapani zisipoe.

Mbazi akakaa na chupa mkononi asubuhi nzima. Eliakimu, ambaye tayari alikuwa na watoto, akamcheka.

“Kaka, chupa unaiogopa kama nyoka. Lete nikusaidie.”

“Na wakijua?”

“Nani atajua? Sisi tumbo moja.”

Chupa ikaenda na mbegu za Eliakimu, kwa jina la Mbazi. Majibu yakaja: protini ipo, mume mzima.

Mama Mbazi hakumfukuza Nakijwa. Alimpikia makande, akamwambia taratibu, “Mwanangu, usijichoshe tena na dawa. Tumekwisha jua.”

Nakijwa akaosha vyombo, akafunga nguo zake ndani ya kitenge. “Mama, nisimzibie mume wangu njia ya kupata mtoto.”

Mbazi akambebea mzigo hadi stendi.

Lakini Daktari Afua hakutulia, maana vipimo vya Nakijwa, vilivyochelewa kurudi, vilimwonyesha naye mzima. Akamwita Mbazi, safari hii akatoa mbegu palepale hospitalini. Protini haikuwepo. Ndipo daktari akapanda mlima, akauliza ile chupa ya kwanza ilikuwa ya nani.

“Nilimfichia kaka aibu tu,” akasema Eliakimu.

Mbazi alikuwa akitazama moto. “Nilijua chupa si yangu. Nikasema moyoni, mwache aende akazae. Akijua, atabaki kwa kunihurumia.”

“Mimi nilimwambia kwa upole,” mama akalia, “asije akasikia kwa watu. Na alitoka mwenyewe, kwa wema wake.”

Daktari akaweka kikombe chini. “Mimi ndiye niliyeruhusu chupa ziende nyumbani. Na kasoro hii tungeweza kujaribu kuikwepa, mbegu ikaingizwa kwenye yai kwa sindano. Lakini tungemhitaji mke.”

Lakini Nakijwa alikwisha olewa na mume mwingine mjini Mwanga, na wakati huo alikuwa mjamzito.

Haya, ninyi mliokaa mkasikiliza. Hakuna aliyemtakia mabaya. Je, ni wema wa nani uliomtoa Nakijwa nyumbani kwake?