Mlenda wa Mzee Masaka

Mlenda uliomezwa huishinda nyama iliyotemwa. Ndivyo nilivyosema, Sechelela, na sikusema kwa kukukejeli. Umetoka mjini umenibebea nyama ya kuchoma, nami nikakuomba mlenda, ukanuna. Tangu hapo mnabishana wewe na nduguyo. Mmoja anasema mwalimu kafundisha kwamba nyama ina protini na madini ya damu kuliko jani lolote, mwingine anashikilia vitamini za mboga, mpaka sufuria imetaka kuungua. Ipueni, mkae. Mmeniuliza methali hiyo nimeitoa wapi. Ina mwenyewe, naye ni babu wa babu yenu, na ilizaliwa kama ninavyowaambia sasa.

Huyo mzee aliitwa Masaka. Alikuwa mtu wa ng'ombe, na ujanani aliweza kumaliza paja la mbuzi kisha akauliza kama lipo jingine. Mkewe alipofariki alibaki na mwanawe Chilewa na mke wa mwanawe, Nyemo, binti mpole aliyeolewa kutoka ng'ambo ya mto. Chilewa alikuwa mchinjaji wa mnadani. Alimpenda baba yake kupita kiasi, lakini maneno hakuwa nayo, hivyo mapenzi yake yote aliyatia kwenye nyama. Kila aliporudi alileta kipande kizuri, akamwambia mkewe, "Hii ya baba. Sisi tutakula chochote."

Chochote chenyewe kilikuwa mlenda, majani yale yale ya utelezi. Nyemo aliuchuma wakati wa mvua, akauanika, akautwanga, na kiangazi akaupika kwa magadi kidogo na karanga, wakala jikoni yeye na watoto. Nyama aliichemsha, akaipakua pamoja na ugali wa uwele, akampelekea mkwewe barazani.

Sasa tegeni masikio, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Zamani zile za kwetu mkaza mwana hakumtazama mkwewe akila. Ilikuwa aibu kubwa. Nyemo alipiga magoti, akaweka chakula na maji ya kunawa, akaondoka bila kuinua macho. Baadaye alirudi kuchukua vyombo, akavikuta vitupu, akamshukuru Mungu. Na Chilewa akiwepo nyumbani, mzee alimwambia atangulie kula, yeye angesubiri chakula kipoe.

Lakini mzee alikuwa anakonda. Mwanzoni watu walisema ni majonzi ya kufiwa. Mvua zikaja, zikapita, shingo yake ikazidi kuwa nyembamba, mwisho akashindwa hata kutembea hadi zizini. Ndipo binti yake Mbeleje, dada wa Chilewa, mwanamke asiyejua kuweka akiba ya maneno, alipokuja kumjulia hali. Akamwona baba alivyo, akamwona na Nyemo, mashavu yamejaa na watoto wananawiri.

"Kaka," alisema, bila hata kushusha sauti, "nyama inaingia nyumba hii kila mara. Baba amebaki mifupa, mkeo ananenepa. Wewe unadhani nyama inakwenda wapi?"

"Wifi, mimi naonja chumvi tu," Nyemo alisema. "Mungu ananiona. Sisi tunakula mlenda."

"Mlenda gani wa kuleta mashavu hayo? Usitufanye watoto!"

Chilewa alichukua kisu chake akatoka nje, na kutoka kule kulimuumiza Nyemo kuliko maneno ya wifi yake. Kesho yake asubuhi akamwambia, akiwa anatazama chini, afunge nguo zake. Angerudi kwao mpaka wazee wakae, na watoto wangebaki. Nyemo alifunga furushi, kisha akaenda kupika huku analia, kwa sababu mkwe lazima ale hata kama nyumba inavunjika. Mimi nikifika hapa nakasirika mpaka leo, ingawa wote walishakufa.

Mzee alikuwa amesikia yote, maana masikio yake yalikuwa mazima. Nyemo alipoweka chakula na kuinuka, mzee akamwita.

"Mwanangu, usiende. Kaa hapo."

"Baba, siwezi. Unataka kula."

"Leo utakaa. Chilewa, njoo! Na wewe Mbeleje, njoo na huo ulimi wako."

Wakaja. Nyemo aliketi chini, akajifunika uso kwa nguo yake. Mzee akanawa, akatia kipande cha nyama mdomoni. Akatafuna. Akakisogeza shavu hili, akakirudisha shavu lile, hata machozi yakamtoka kwa jitihada. Kisha akakitema kiganjani, kizima vilevile kilivyoingia, akanyoosha mkono pembeni. Mbwa wake, jina lake Watasema, mbwa mnene kuliko wote pale kijijini, akainuka taratibu akakipokea kwa adabu.

Hakuna aliyecheka.

"Sina jino la kutafunia," mzee alisema. "Sina tangu zamani. Mama yenu alikuwa akinitwangia nyama kwenye kinu, na nilimkataza asimwambie mtu. Niliona haya. Mwenye zizi kama mimi, kulishwa kama mtoto."

"Kwa nini hukuniambia, baba?" Chilewa aliuliza.

"Ulikuwa unatoka mnadani umejaa vumbi, nyama mkononi, uso wako una furaha. Ningekwambiaje uirudishe? Niliona nikiikataa nyama nimekukataa wewe."

Akamgeukia mkaza mwana. "Kile mnachokula jikoni, kinachonukia karanga, kimebaki?"

"Ni mlenda tu, baba. Si chakula cha kumpa mkwe."

"Kalete."

Akaleta. Mzee akamega ugali, akachovya, tonge likateleza lenyewe. Akamega tena, na tena, mpaka bakuli likawa tupu. Nyemo, bila kujijua, alikuwa amefunua uso anamtazama mkwewe akila. Mzee akafuta ndevu.

"Mbeleje," alisema, "nyama ina nguvu, sikatai, nimeila kabla hujazaliwa. Lakini nguvu za nyama hii mtazikuta kwa huyu mbwa. Mlenda uliomezwa huishinda nyama iliyotemwa. Haya, mwombe wifi yako radhi."

Mbeleje alipiga magoti akaomba. Chilewa hakujua kuomba kwa maneno. Aliingia ndani, akalifungua furushi la mkewe, akarudisha nguo moja moja mahali pake. Nyemo alimwona, na alimsamehe, japo si siku ile. Si siku ile hata kidogo.

Tangu hapo kinu kilirudi kazini. Nyama ya mnadani ilikaushwa, ikatwangwa laini, ikachanganywa na mlenda wa karanga, na kiangazi hakijaisha mzee alionekana tena zizini. Nyemo naye hakuondoka tena barazani mpaka aone tonge la kwanza limeshuka. Waliosema ni aibu walisema wakachoka. Watasema akapungua kidogo.

Kwa hiyo mwalimu wenu hakukosea. Nyama ina yake, na jani lina lake. Ila mimi, Sechelela, nyama yako niliipokea kwa mikono miwili, na kwa kuwa sifugi mbwa, ile uliyoniona naitafuna nimeifunga hapa kwenye pindo la khanga. Sasa mbona unalia? Kinu kiko nyuma ya mlango, mama. Kalete tutwange. Mlenda uliomezwa huishinda nyama iliyotemwa.